Yule Kikongwe Uliyemchoma Kitabuni

Kemunto, mjukuu wangu uliye mbali,

Sianzi kwa kukuuliza kama u mzima. Mzima uko; mgonjwa hawezi kuandika kitabu kinene namna hii. Mimi pia niko, ingawa kuna watu hapa kilimani ambao hilo haliwafurahishi. Tutafika huko.

Kitabu nilikipata. Mjomba wako Ogeto alikileta kutoka Kisii mjini kikiwa kimefungwa kwa nailoni kama mkate, na ndani umeandika kwa mkono wako: "Kwa shosho, uliyenifundisha hadithi." Kwanza, mimi si shosho. Shosho ni wa Nairobi. Mimi ni magokoro wako, na ulipokuwa ukinyonya kidole mgongoni mwangu hukuwa na jina lingine la kuniita. Pili, hadithi hiyo si mimi niliyekufundisha. Sijui ni nani, na hilo ndilo limenifanya nishike kalamu.

Usidhani nilisomewa. Nimekisoma mwenyewe, kwa kidole, neno baada ya neno, nikiwa nimeketi mlangoni penye mwanga kama ninavyosoma Biblia. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini Kiswahili nilikipata kanisani na hakijanitoka. Pale ulipoweka maneno makubwa nilirudi nyuma nikayazunguka mpaka yakafunguka. Na ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Ekegusii chako kimekonda tangu uende Kanada, na kwa sababu kitabu chako umekiandika kwa lugha ambayo kila mtu anasoma. Umeniweka wazi, nami nakujibu wazi. Atakayetaka kuisoma barua hii na asome. Jirani yetu Okemwa akitaka, asome mara mbili.

Baridi! Wewe, Kemunto, ndiye wa kuandika juu ya baridi? Mwezi wa saba, ukungu ukilala juu ya majani chai mpaka jua lipande, ulikuwa unakataa kutoka kitandani nakuvuta kwa mguu. "Magokoro, vidole vyangu vimekufa." Nami nakujibu, "Vitafufuka kwenye majani, kikapu hakijajaa." Jioni unakuja jikoni unaingiza miguu yote miwili chini ya mapaja yangu, barafu tupu, nakupiga kofi na bado sijisogezi. Miguu hiyo ilipashwa moto na mwili huu. Jambo hilo halimo kitabuni. Nimelitafuta.

Kilichomo ni mji mkubwa wa mawe ambao jua limeukimbia. Baridi imeingia na haitaki kutoka. Watu wamechoma milango, wakachoma vitanda, wakachoma viti vya kanisa, na sasa wamebaki wakitazamana. Watoto wanalala wakipumua na asubuhi ni wakavu kama kuni. Nakupa haki yako: umeandika vizuri. Pale mama anapomvika mtoto aliyebaki nguo zote za yule aliyekufa, moja juu ya nyingine, nilifunga kitabu nikaenda kukama ng'ombe ambaye saa yake ya kukamwa haikuwa imefika. Ningekuwa sikujui ningesema mwandishi huyu amewahi kuzika.

Halafu ukamleta kikongwe.

Anaishi peke yake karibu na lango la chini. Masikio yake yalitobolewa zamani yakaning'inia. Anatembea ameweka mkono kiunoni na anazungumza na kuku. Nyumbani kwake kuna chungu cha jiwe jeupe, kina mfuniko, kina ufa ubavuni, na ndani yake amefungia baridi yote ya dunia. Kila siku anainua mfuniko kidogo, na baridi inatoka inakwenda kula watoto wa watu. Anayegundua ni nani? Mjukuu wake, anayelala naye kitanda kimoja. Mjukuu anakwenda kuwaambia watu. Watu wanakuja na moto, wanamfungia kikongwe ndani ya nyumba, na paa likianguka tu, jua linatoka. Watu wanacheza. Maua yanachipuka. Kitabu kimeisha.

Kemunto, chungu kile babu yako alikinunua Tabaka kwa wachongaji kabla mama yako hajaolewa. Ufa ule ni wewe uliyeupasua, ulipokikanyaga ili ufikie sukari juu ya kabati.

Ogeto akaniambia, "Mama, hiyo ni hadithi tu. Waandishi wanachukua hapa na pale."

"Hapa ni wapi," nikamuuliza, "na pale ni wapi?"

Wewe pale hukuchukua kitu. Ulichukua hapa tu.

Nikaanza kukumbuka mambo niliyokuwa nimeyaweka kando. Ulipokuja kumzika mama yako, Kerubo wangu, hukula kwangu. Nilikupikia obokima, ugali wetu wa wimbi, na saga, ile mboga chungu uliyokuwa ukiililia utoto wako wote, nikailaza na maziwa usiku kucha ili uchungu upungue. Ukasema umeshiba. Umeshiba nini, na ulikuwa umeshuka kwenye gari asubuhi ile? Nikafanya ile desturi yetu ya mwenye chakula: nikakata tonge la kwanza nikalila mbele yako, ili ujue chakula ni chakula. Tonge hilo tunamwonjea mgeni, Kemunto. Hatumwonjei mtoto tuliyemlea. Nilijishusha nikaonja, na bado ukasukuma sahani ukasema, "Baadaye, shosho." Hiyo baadaye haikuja. Ukapanda ndege.

Wakati ule nilisema ni kilio kimemfunga tumbo. Sasa sisemi hivyo. Nimewapitia watu wote wa matanga yale, nani alikaa karibu nawe, nani alikuvuta pembeni kwenye migomba. Kuna mtu alikuambia kitu juu yangu. Au hakuna aliyekuambia, ulikuwa nacho moyoni siku zote, na hicho ndicho kibaya zaidi.

Sasa sikiliza kilichotokea huku.

Kitabu chako kilikuwa kimeshaanza kuzunguka mvua ya mawe ilipopiga. Unaijua inavyopita: huku inafagia, huku inaruka. Ilifagia shamba la Okemwa hapo juu, chai ikabaki vijiti. Kwangu iliangusha migomba miwili ya mpakani ikaishia hapo. Nilifurahi. Mtu asifurahi? Nilichuma nikiimba wimbo wa kanisa, na Okemwa amesimama kwenye ua ananisikiliza.

Mwanawe anasoma ualimu. Ndiye aliyenunua kitabu chako mjini akamsomea baba yake. Siku iliyofuata nikapeleka majani kwenye banda la kupimia chai, na Okemwa akaniita mbele ya watu wote.

"Mama Ogeto, kile chungu kiko salama?"

"Chungu gani?"

"Kile cha baridi."

Wanaume wakacheka. Nikamwambia, "Kiko salama kabisa. Mlete mkeo tumfungulie kidogo, nasikia anakuunguza." Wakacheka tena, kwa nguvu zaidi, lakini safari hii hakuna aliyenitazama. Walicheka wakitazama vikapu vyao. Nikajua.

Siku ya pili yake mkewe, Nyanchama, akabisha.

"Mama, naomba chumvi. Imeniishia."

"Na dukani pia imeisha?"

"Duka limefungwa."

"Limefungwa asubuhi, siku ya soko la Nyamache?"

Macho yake yalikuwa yameshapanda kwenye kabati. Nikakishusha chungu nikafungua mfuniko. Ndani mna mbegu za saga, kama zamani. "Shika," nikamwambia. "Hii ndiyo baridi yenyewe. Ukiipanda inaota mboga." Kemunto, alirudisha mikono nyuma kana kwamba nimempa nyoka. Akaondoka bila chumvi na bila kuaga, mwanamke ambaye mtoto wake wa kwanza nilimpokea mimi kwa mikono hii, kwenye majani ya ndizi, mvua ikinyesha.

Tangu hapo naona mambo. Wanawake ninaoteka maji nao wanakwenda mapema ili wasinikute. Sabato mama mchungaji alinisalimia kwa ncha za vidole. Mayai yangu, ambayo watu walikuwa wakiyagombania, sasa nayala mwenyewe mpaka yamenichosha. Na wiki iliyopita nilikuta nyasi kavu nyuma ya jikoni langu. Hazikuletwa na upepo. Zilikuwa zimepangwa ukutani, vizuri, na mtu asiye na haraka. Nilizibeba nikamtandikia ng'ombe, na niliimba nikifanya hivyo, kwa sauti, ili aliyezipanga asikie.

Nilimpigia simu Ogeto. Akaja. Akasema nihamie kwake mjini.

"Na chai yangu?"

"Tutaikodisha, mama. Usijali chai. Hata Okemwa aliwahi kuiuliza."

"Aliiuliza lini?"

"Sikumbuki vizuri."

"Kumbuka. Kabla ya mvua ya mawe au baada?"

Akakuna kichwa, mtu mzima mwenye mvi. "Kabla," akasema.

Kabla! Unaona? Mawe hayajaanguka bado, na mtu ameshaanza kuuliza shamba la bibi aliye hai litabaki na nani. Halafu mawe yakaanguka, halafu kitabu chako kikampa maneno aliyokuwa ameyakosa. Sisemi uliyaandika kwa ajili yake. Nasema yeye ameyapokea kama mtu aliyekuwa akiyasubiri.

Sasa nakuuliza juu ya Nyaboke.

Usiniambie umemsahau. Bibi wa kule chini karibu na kijito, aliyekuwa akikuitia ndizi mbivu kupitia uani, nawe unakuja nyumbani na midomo inanata. Ulikuwa umeng'oka meno ya mbele. Mwaka ule mawe yalikuwa yamepiga chai ya watu wengi, na watu walikuwa wametafuta sababu mpaka wakaipata kwenye nyumba ya mwanamke asiye na mume wala mtoto wa kiume. Ulikuwa mchana. Nataka ukumbuke kwamba ulikuwa mchana, watu wamevaa nguo za sokoni. Ukauona moshi ukaniuliza, "Magokoro, nani anachoma makaa?" Nikakusukuma chini ya kitanda, nikakaa mlangoni na panga mapajani, kwa sababu sikujua kama wakimaliza kule chini watapanda huku. Walipita hapa wakirudi. Wengine walinisalimia.

Na kabla mwezi haujaisha, mawe yakarudi. Yalipiga kilima kizima. Yalipiga hata chai ya wale waliobeba moto, hayakumwacha mtu. Mimi na wewe tulisimama mlangoni tukiyatazama yakirukaruka uani kama mahindi kwenye kikaango, na wewe, mtoto mwenye mapengo, ukasema, "Lakini Nyaboke hayupo."

Ndivyo ulivyosema. Kilima kizima kilikuwa na wazee, walimu, mashemasi, na hakuna aliyelisema neno hilo. Ulilisema wewe. Nilikutazama nikawaza, huyu atakuwa mtu.

Kwa hiyo ulijua. Ulijua tangu ukiwa na mapengo kwamba wakimchoma mwanamke hakuna jua linalotoka. Halafu umekua, umesoma, umevuka bahari, umekaa kwenye nyumba yenye moto wa stima ukutani, ukaandika kitabu ambacho ndani yake wanamchoma na jua linatoka. Kemunto! Unaweza kuchukua chungu changu. Unaweza kuchukua masikio yangu na kuku wangu na mkono wangu wa kiunoni. Ungenifanya jini, ungenipa mkia, ningekusomea mpaka mwisho nikicheka. Lakini wewe umewaambia watu kwamba kuchoma kunafaa. Umewaonyesha maua. Hapo ndipo uliponikosea, na umemkosea Nyaboke kunizidi mimi.

Sikukaa kungoja wanaopanga nyasi. Juzi nilikibeba kitabu chako mpaka kwenye banda la chai. Lori lilikuwa limechelewa kama kawaida yake, na watu wamekaa juu ya vikapu wakilaani dereva. Nikakaa katikati yao.

"Mmekisikia kwa vipande," nikasema. "Leo mtakisikia kama kilivyo."

Nikaanza sura ile ya mwisho. Nilisoma polepole kwa kidole, na nilipokwama nilirudia. Okemwa akasema, "Mama Ogeto, lori linakuja." Nikamwambia, "Likija litasikiliza." Hakuna aliyecheka. Nikasoma mpaka pale watu wanapofika mlangoni kwa kikongwe na moto mikononi, hapo nikaweka kidole nikainua kichwa.

"Hapa mwandishi amesema 'watu'. Hakutaja majina. Basi nisaidieni. Aliyekuwa mbele ni nani?"

Mtu mmoja akaanza kufunga kikapu chake upya.

"Na kwa Nyaboke, aliyekuwa mbele ni nani?"

Kemunto, tangu siku ile jina hilo halijawahi kutajwa kwenye kilima hiki mbele ya watu watatu. Mama mmoja mzee, aliyekuwa akipalilia na Nyaboke, akajifunika uso kwa kanga. Wanaume wawili wakasimama wakaenda kutazama barabara kama lori linafika kwa kutazamwa. Nikawaambia yale uliyoyasema wewe mlangoni, kwamba mawe yalirudi na Nyaboke hayupo. Nikawauliza ni nani aliyevuna chai msimu ule. Nilidhani nimemaliza. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya vitu vyangu.

Ndipo Okemwa akasema, bila kupandisha sauti, tena kwa heshima, "Mama, usitugombeze sisi. Sisi hatukuandika. Ameandika mjukuu wako uliyemlea, aliyelala kitandani kwako. Yeye anakujua kutuzidi. Kama amesema, amesema."

Hapo nilikosa jibu. Mimi! Umewahi kuniona nikikosa jibu? Nilifungua mdomo nikaufunga. Watu wakanitazama, na safari hii walinitazama usoni, wakingoja. Lori likafika likaniokoa.

Kwa hiyo usinitumie fedha. Usimtumie Ogeto ujumbe wa kunibembeleza nihamie mjini. Siondoki, shamba hili halina mtu mwingine wa kulisimamia. Usinipigie simu ile ya kuonana sura nikazungumza na kidevu chako. Ukiwapigia wao watasema nimekulazimisha, au si wewe. Wewe ndiye shahidi wao, na shahidi hawezi kufutwa na mtu mwingine. Njoo. Chukua likizo, omba ruhusa, danganya wakubwa wako kazini, utajua mwenyewe. Njoo usimame kwenye banda lile asubuhi watu wakiwa wamejaa, ufungue mdomo uliosomeshwa, uwaambie kikongwe yule umemtoa kichwani mwako na mwisho ule ni uongo. Uwaambie na juu ya Nyaboke, wewe uliyeuona moshi. Mimi wamenizoea, wanasema ni mdomo tu. Wewe watakusikia.

Nakupenda, mjinga wewe, na ndiyo maana ninakuandikia badala ya kukuombea tu. Sijui kama ninamwandikia mtoto wangu au ninamwandikia mtu aliyenitoa kwa wenye moto. Kila nikilala nabadilisha. Asubuhi nasema, ni baridi ya huko imemkaa kichwani, hakuwa na nia mbaya. Mchana nakumbuka sahani uliyoisukuma.

Jambo moja limebaki, na usilijibu kwa barua. Nimezirudia kurasa zile za moto mpaka zimelegea. Msichana anawaonyesha watu nyumba ya bibi yake. Halafu humtaji tena. Mlango unafungwa kwa nje, paa linashika, kikongwe anaita, hata umeandika anaita jina gani, na msichana hayumo kwenye ukurasa wowote mpaka jua litoke. Umemficha. Unajua alipokuwa na hukutaka tumwone.

Njoo uniambie ukiwa mbele yangu, nikiona macho yako: moto ukiwaka, yule mtoto alikuwa anakimbia kuleta maji, au alikuwa amesimama na wengine, ameinyoosha mikono yake iliyokufa ganzi, anauota moto?

Ni mimi magokoro wako, niliye hai bado, nyumbani kwangu.